Meza Isiyo na Pa Kuficha

Mtathmini wa samani kutoka Milano alikuwa amelala chali chini ya meza, soksi zake nyekundu zikichungulia upande wa pili. Alikaa huko mpaka kahawa yake ikapoa.

"Mama Ortensia," alisema kutoka chini, "hii si ya zamani."

Ortensia alicheka. Meza ile ya kioo kinene na miguu ya bomba la kromu ndiyo iliyomtia ugonjwa wa kukusanya. Silvano alimpa meza hiyo siku ya harusi yao pamoja na kitendawili: "Nina miguu minne, sitembei. Nina tumbo, sina pa kuficha kitu." Baada ya meza vikafuata viti, taa na makabati, vyote kromu na kioo vya enzi zile zile, mpaka wageni wa nyumba yao pale Cantù wakawa wanapita upandeupande kama kaa.

"Bwana wewe, nimezeeka na meza hii!"

"Basi umezeeka na nakala. Miguu ya meza ya kweli ni mitupu ndani, na chini ina vifuniko vya kuzungusha. Hii imechomelewa. Kazi safi sana, lakini si ya enzi zile."

Alipoondoka, Ortensia hakuhitaji kuuliza mwizi ni nani. Meza ilitoka nyumbani mara moja tu, mwaka ule kromu ilipoanza kuota vipele, Silvano akaipeleka karakana kwa Gualtiero ing'arishwe upya. Gualtiero, rafiki wa Silvano tangu jeshini! Gualtiero aliyekula kwao kila Jumamosi, hata sasa Silvano alipokuwa amefariki.

Jumamosi hiyo fundi alimkuta jikoni akifunga matawi ya mzeituni ya kupeleka kanisani kesho yake, Jumapili ya Matawi. Aliyafunga kwa uzi wa sufu wa buluu, kwa fundo la masikio manne alilofundishwa na bibi yake, fundo ambalo majirani wamelijaribu wakashindwa. Miaka yote alifunga matawi mawili. La kwanza lilikaa ukutani kwao. La pili Silvano alilipeleka Como, kwenye kaburi la mama yake. Ortensia hakumfuata huko hata siku moja. Mama mkwe yule hakumpenda akiwa hai, atampenda vipi akiwa kaburini? Mwaka huu la pili lilikuwa la kaburi la Silvano mwenyewe. La mwaka uliopita lilikuwa likiungua jikoni, maana kilichobarikiwa hakitupwi takatakani. Mtu hukichoma, au hukiweka.

"Shemeji, mbona leo sisikii harufu ya chakula?" Gualtiero alisema. "Au umeamua kuniua na njaa?"

"Meza yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Usinifanye mtoto. Imechomelewa miguu. Nani kaichomelea?"

Mzee akavua kofia. Aliitazama picha ya Silvano ukutani kama mtu anayengoja kusaidiwa.

"Mimi," alisema mwishowe.

"Na ile ya kweli?"

"Haiko kwangu. Usiitafute, shemeji. Nakuomba. Chukua karakana yangu, chukua vifaa vyote, lakini meza usiitafute."

"Kumbe umekuwa ukila wali wangu juu ya uongo wako mwenyewe! Na kuongeza unaongeza! Silvano alikuita ndugu. Afadhali amekufa hajui."

Gualtiero aliiweka kofia yake mezani.

"Ndiyo," alisema. "Afadhali."

"Toka. Na usiniite shemeji tena."

Alitoka bila kofia yake. Ortensia akaitupia nje dirishani.

Kiangazi chote aliisaka meza. Aliuliza minadani, akauliza kwa wakusanyaji wenzake, hata wale wasiosalimiana naye. Hakutaka meza nyingine nzuri zaidi. Alitaka ile ile, iliyoshikwa na mikono ya Silvano, irudi pale alipoiweka.

Vuli ilipoingia akasikia kwamba kuna nyumba ya marehemu inaondolewa vyombo kule Como. Akapanda ngazi akihema. Mlangoni alipokelewa na msichana mwenye sigara mkononi, aliyekuwa akiuza vitu vya shangazi yake, Iride, ambaye hakuolewa.

Meza ilikuwa karibu na dirisha, inang'aa.

Ortensia aliishika kwa mikono miwili.

"Shangazi yako aliinunua kwa fundi mmoja, si ndiyo?" aliuliza.

"Sijui, mama. Mimi nimeiona hapa tangu naanza shule. Aliipenda hiyo! Kila wiki anaifuta kama mtoto mchanga. Ila angalia, mguu huo wa nyuma ukiutikisa kuna kitu kinachakarisha ndani. Labda panya."

"Panya gani wa kuishi ndani ya bomba, mwanangu?"

Wakailaza meza pamoja, taratibu. Ortensia alipiga goti, akashika kifuniko cha mguu wa nyuma, akakizungusha. Kilizunguka. Ilikuwa ya kweli. Machozi yakamtoka, naye akayaacha.

Kisha vikaanza kumwagika sakafuni vijitawi vikavu vya mzeituni, kimoja baada ya kingine.

"Makubwa!" msichana alicheka. "Na shangazi alivyokuwa! Akimwona padri, yeye huvuka barabara kumkwepa."

Ortensia aliokota kimoja, akapuliza vumbi. Akaokota kingine. Vyote vilikuwa vimefungwa kwa uzi wa sufu wa buluu, kwa fundo la masikio manne.