Kwetu Kumezungushiwa Mabati

Tangu nyumba yao ibomolewe, Tunu alikuwa halali. Alikuwa na umri wa miaka miwili tu, lakini kila usiku alishtuka, akajibwaga sakafuni na kupiga mateke, "Kwetu! Kwetu!" mpaka wapangaji wa pale walipohamia wakagonga ukuta. Mama yake, Mwanahawa, alikuwa na dawa moja: kumbeba mgongoni hadi kiwanjani kwao, amkalishe kwenye kizingiti kilichobaki juu ya kifusi. Hapo alinyamaza, akalala.

Usiku huu walikuta mabati pande zote. Wakubwa walisema wanabomoa kupisha barabara. Barabara gani huzungushiwa mabati?

"Nani huyo?" mlinzi aliuliza kutoka ndani.

Mwanahawa aliijua sauti. Ni Mzee Kibwana, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyebomolewa siku ileile.

"Mimi, Mama Tunu. Nifungulie kidogo, mtoto asinzie."

"Nikifungua nafukuzwa, mwanangu. Na humu hamna kitu, wameshachimba shimo."

"Kumbe siku hizi unawalindia wao?"

"Nalinda unga wa wajukuu."

Tunu akateleza kutoka mgongoni. Mwanahawa akajikaza kungojea mayowe. Lakini mtoto alilisogelea bati, akaligonga kwa kiganja, kama alivyofundishwa kufanya kwenye milango ya watu.

"Hodi!"

Kwenye mlango wake wa zamani, kila asubuhi, Mzee Kibwana alimwitikia, "Karibu, mchumba wangu."

"Hodi!" Tunu alirudia, kisha akabandika sikio kwenye bati la baridi, akangoja.