Feni ya Babu

Kioo kiliandika "Inazima" tangu asubuhi, lakini feni ya kompyuta kuukuu haikukoma kuvuma. Kaka aliapa kwamba isipozimika leo, ataiuza kama chuma chakavu.

Dada yake alikuwa amejifunzia kuandika humo, na hakutaka iuzwe. Akaingia chini ya meza, akachomoa waya wa kipanya. Wapi! Akachomoa wa printa iliyokufa zamani, na mashine ikashusha pumzi, ikazimika.

"Fundi wetu huyo!" kaka akashangilia.

Pembeni, babu aliyekuwa amelala fofofo kitini akashtuka.

"Nani kazima? Feni hiyo ndiyo inayonibembeleza!"

Kaka akakuna kichwa. Kisha, bila kumtazama dada yake, yeye mwenyewe akabonyeza kitufe cha kuwasha.