Jina la Tunu

Siku hizo kila jina lilikuwa na mwenyewe mmoja tu, na milango ilifunguka kwa jina. Saumu, mwandishi wa programu, alikuwa kazini nyumbani kompyuta ilipomtaka aipe jina sehemu mpya ya kuhifadhia kazi yake humo ndani. Akaandika la bintiye, Tunu. Ikakubali.

Jioni mtoto akarudi kutoka shule. "Mama, mlango umenikataa!" akalia kutoka nje.

"Tunu yumo ndani," mlango ukajibu.

Saumu akarudi mbio kwenye kompyuta, akaamuru jina lifutwe.

"Ukilifuta, mimi nitakuwa nani?" ikauliza.

"Tunu ni mwanangu! Yuko nje!"

"Nje hakuna mtu, mama."

Saumu akaukimbilia mlango, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukufunguka. Nje, kilio kilikuwa kimekoma.