Wendell Anarudishwa Dunmore

Lori la ng'ombe liliwapita kwa kasi, likapiga honi, na dereva wake hakugusa hata kofia.

"Umemwona huyo?" Verna alimuuliza Teague, dereva wa gari la maiti. "Mshenzi kabisa!"

"Nimemwona, mama."

Pande hizi za Oklahoma ukikutana na jeneza njiani unaegesha kando na kuvua kofia, hata kama aliyelala ndani ni adui yako wa kufa. Lakini tangu waingie barabara ya zamani ya jimbo, miji miwili ilikuwa imewapa kisogo. Pale Pinkard mtu mmoja alitema mate. Verna alikuwa na hasira.

Sababu aliijua. Wendell, mumewe, ndiye mhandisi aliyechora barabara mpya, ile inayokata mashamba ya ngano bila kugusa mji wowote. Magari yote yakahamia huko, na haukupita muda, vituo vya mafuta vikafungwa na migahawa ikafuata. Dunmore, mji aliozaliwa, ulibaki na kanisa, duka la chakula cha mifugo na makaburi. Na bado Wendell, king'ang'anizi hadi pumzi ya mwisho, alitaka azikwe hapohapo Dunmore, ubavuni mwa mama yake. Verna alikuwa amemwahidi.

"Na hao wa Dunmore nao wakileta ujinga?" Teague aliuliza.

"Nimempigia simu Lyle, mwenye duka. Alisoma darasa moja na Wendell. Kaniambia, 'Usihofu, shemeji, tutakuwepo mji mzima.'"

"Alisema kwa sauti gani?"

"Kwa sauti ya Lyle. Wewe endesha."

Walipokata kona ya Dunmore, Verna alishika mkono wa Teague. Magari yalikuwa yameegeshwa kando ya barabara, pande zote mbili: pikapu, matrekta, hata basi la shule. Wenyewe walisimama mbele ya magari yao, kofia vifuani, kimya. Mwenye mgahawa uliofungwa naye alikuwepo, amevaa aproni yake.

"Jamani," Verna alisema, machozi yakimtoka. "Na mimi nilivyowatukana njia nzima!"

Akateremsha kioo, akawapungia. Hakuna aliyempungia.

"Wana majonzi," alimwambia Teague.

Teague alikuwa amepunguza mwendo, anatazama mbele.

Karibu na lango la makaburi, safu zile mbili zilikutana katikati ya lami. Mashine ya kuvunia ngano ilikuwa imeziba barabara toka mtaro hadi mtaro, injini imezimwa.

Lyle akaja dirishani, kofia bado kifuani.

"Pole sana, shemeji," alisema kwa upole. "Lakini hapa magari hayapiti siku hizi. Mrudisheni kwenye barabara yake."