Laini ya Sikonge

Kwenye ubao wa kuunganishia simu wa Tabora, Marcelina alichomeka plagi kwenye tundu la Sikonge, akasikia mlio safi wa laini, akaichomoa.

"Sikonge imekatika, ndugu," alisema kwenye kisemeo.

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Labda tembo wameangusha nguzo."

Mtu wa upande wa pili alishusha pumzi. Alikuwa Ndugu Mabruki, afisa aliyesimamia kazi ya kuwahamisha watu kwenda vijiji vipya vya ujamaa. Saa tatu ilikuwa haijafika, naye ameshapiga mara tatu.

"Nina maneno machache tu, binti. Dakika moja inanitosha."

"Nitajaribu tena, ndugu."

Hakujaribu. Alifuta viganja kwenye sketi.

Jana muuza asali mmoja wa baiskeli alimletea habari za nyumbani. Malori matatu yalikuwa Sikonge, yanangoja neno kutoka Tabora yakawabebe watu wa Itulanya. Na Itulanya ndiko alikokuwa dada yake, Apolinaria, aliyejifungua juzi kwa taabu kubwa. Mkunga alisema asiinuliwe hovyo, akitikiswa damu itaanza upya. Mjomba wao Modest alikuwa njiani na mkokoteni wa ng'ombe, ameutandika nyasi, ili amchukue polepole hadi zahanati ya misheni. Angefika Itulanya jioni ya leo.

Marcelina alihitaji siku moja tu. Waya wa kwenda Sikonge ulikuwa mmoja, na ulipita mikononi mwake.

"Mbona unalikodolea macho hilo tundu kama lina nyoka?" aliuliza Tatu, opereta wa kiti cha pili, mwanamke wa mjini aliyeanza kazi pale Marcelina akiwa bado anacheza rede.

"Limeharibika, dada Tatu."

"Limeharibika, au mmegombana na yule kijana wa simu wa Sikonge? Nyie watoto wa misheni mna siri nyie."

Marcelina alijaribu kucheka. Kidirisha kingine, cha kuonyesha kuna anayepiga, kikaanguka kwenye ubao. Alikuwa Mzee Shaban, mfanyabiashara wa nta, naye anataka Sikonge. Ilibidi naye anyimwe, maana mmoja akipata, wote watajua.

"Basi nitamtuma mtu kwa miguu," alisema Mzee Shaban. "Atafika kabla ya simu yenu."

"Samahani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Salamu unazo, laini huna."

Saa tano Ndugu Mabruki alipiga tena. Safari hii hakuwa na sauti ya mkubwa.

"Binti, hakuna njia nyingine? Kupitia Goweko, kupitia popote?"

"Hakuna, ndugu."

"Gari langu halina petroli, ningekwenda mwenyewe. Saa sita ikipita, haitanifaa tena."

Maneno hayo yalimpa Marcelina nguvu. Kumbe si mpaka jioni. Ni mpaka saa sita tu. Aliitazama saa ya ukutani, ikawa kama mtu ameishika mishale yake. Alisimama, akaketi, akapanga upya plagi zilizokuwa zimepangwa.

Saa sita kasoro robo, kidirisha cha Sikonge kilianguka.

"Hao Sikonge wanaita," alisema Tatu.

"Kimelegea tu, dada." Marcelina alikirudisha juu kwa kidole.

Kikaanguka tena. Alikirudisha, akakikandamiza kwa dole gumba. Alikisikia kikitetemeka chini ya ngozi yake, kikaacha, kikatetemeka tena kwa muda mrefu, kisha kikatulia kabisa.

Tatu alikuwa ameacha kutafuna karanga. Alimwangalia Marcelina, akaangalia lile dole gumba, kisha akageukia ubao wake.

"Mimi nina kazi zangu," alisema.

Saa sita ikapita. Marcelina akanywa maji kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hata hivyo hakutulia. Saa kumi angekabidhi zamu, na akiiacha Sikonge imeandikwa mbovu, fundi angetumwa, angeikuta nzima. Kwa hiyo saa kumi kasoro dakika chache alimpigia Ndugu Mabruki mwenyewe.

"Ndugu, Sikonge imepona."

"Niunganishe tu," alisema afisa.

"Nani nimwite?"

"Alois. Msimamizi wa malori."

Marcelina alichomeka plagi, akazungusha mpini, akamwomba yule kijana wa Sikonge amwite Alois. Kanuni ya kazi ilikuwa wazi: watu wawili wakishasikilizana, opereta anafunga swichi yake na hasikii tena. Kwa miaka minne hakuwahi kuivunja, hata siku ambazo Tatu alimkonyeza amwambie fulani kaachwa na mume gani. Leo aliiacha swichi wazi. Alitaka kumsikia afisa akisema kwamba amechelewa.

"Alois?"

"Naam, Ndugu Mabruki."

"Watu wa Itulanya waacheni. Nimehangaika kwa wakubwa jana kutwa, wamekubali wabaki kwao mpaka wavune. Nakutafuta tangu alfajiri."

Upande wa Sikonge zilisikika injini, mbuzi, na watoto wanalia.

"Ndugu, si ulituambia tukiona kimya mpaka saa sita, twende?" alisema Alois. "Lori la kwanza limeshashusha watu hapa. Nami nilikuwa nataka kukuomba gari la wagonjwa. Kuna mzazi mmoja, damu haikatiki."