Mfano wa Ishirini na Tatu

Mfano wa ishirini na tatu Wembe aliuandika amesimama, karatasi zikiwa juu ya kaunta ya kiwanda cha uchapaji, mashine zikinguruma nyuma ya ukuta. Aliikata sentensi ya zamani kwa kalamu nyekundu, akaandika yake pembeni, akampa fundi prufu hiyo ya mwisho, kurasa za kuhakikiwa kabla ya kuchapwa.

"Mzee ameshapitisha?" fundi akauliza.

"Sahihi yake hiyo hapo."

Kweli ilikuwapo, wino wake umetapakaa kama kawaida. Mhariri Mkuu aliandika kwa mkono wa kushoto, na kiganja chake kilipita juu ya kila alichokiandika kabla hakijakauka. Ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Mzee Shoto. Mwenyewe alicheka tu na kwenda kunawa.

Wembe hakucheka naye hata siku moja. Miaka minne alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile ya kamusi, akizinyoa sentensi za watu mpaka wakambandika jina hilo, na miaka yote minne alikuwa na jambo moja tu moyoni. Kamusi ile ya Kiingereza kwa Kiswahili, iliyomfanya Shoto awe mtu mbele za watu, ilikuwa kazi ya baba yake yeye Wembe.

Hivyo ndivyo mama alivyomlea. "Baba yako alikaa na zile kadi miaka kumi," mama alikuwa akisema huku akikunja nguo. "Kila neno na kadi yake. Akafukuzwa mikono mitupu, na yule rafiki yake akabaki nazo."

Baba alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Aligeukia ukuta. Wembe alikua akiutazama mgongo ule. Baba alipokufa bila kusema kitu, akimwachia barua tatu tu alizomwandikia enzi za shule, kila herufi imesimama wima na wino safi, aliapa kwamba yeye atasema.

Akaomba kazi kwa jina la ukoo wa mama. Shoto hakumuuliza ni mtoto wa nani. Alimtazama usoni kitambo, akasema, "Karibu, binti yangu. Utaanza kesho." Binti yangu, ati. Wembe alitabasamu huku nyongo imempanda.

Kisha akavizia neno lake. Toleo jipya lilipofika herufi ya T, aliliomba take, neno ambalo wenzake walilikimbia. Kumeza dawa ni take. Kupanda basi ni take, kupiga picha ni take, kufanya mtihani, kupumzika, hata kulitilia jambo maanani, yote hayo take. Waingereza wamelitwisha neno moja mizigo ya kijiji kizima. Wembe alihesabu maana thelathini na sita, na kila maana ilidai mfano wake wa sentensi. Ya ishirini na tatu ndiyo aliyoitaka: kuchukua cha mtu bila ruhusa yake.

Asubuhi ya uzinduzi alikuta boksi kuukuu mezani kwake, limefungwa kamba, na kikaratasi chenye wino uliotapakaa. "Leo nastaafu. Ni haki yako kuwa nazo." Hakuligusa. Zawadi za kuagana angezitazama baadaye, akishamalizana na mtoaji.

Ukumbini mkurugenzi aliwaomba wageni wachague neno lolote, mzee awasomee. Wembe aliwahi kunyoosha mkono.

"Tusomee take, mzee."

"Yote?"

"Ya ishirini na tatu inatosha."

Shoto akavaa miwani, akatafuta ukurasa, akasoma kwa ule mwendo wake wa polepole. "Kuchukua cha mtu bila ruhusa yake. Mfano: Mhariri Mkuu wa kamusi hii alichukua kadi za rafiki yake, akaziwekea jina lake, na rafiki akafa bila heshima."

Mkurugenzi aliinuka, akakaa tena. Wembe alingoja mzee akane, afoke, amwite mwongo. Jibu la kila neno alikuwa nalo tayari, miaka minne alilinoa.

Shoto alikunja miwani yake.

"Lile boksi umelifungua, binti yangu?"

"Bado."

"Ungeanza na hilo," akasema. Akateremka jukwaani akishika ukuta, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemsindikiza.

Wembe alipanda ngazi kurudi ofisini, roho kwatu. Alikuwa amemkomesha, tena mbele ya watu wote aliowaheshimu. Na sasa lile boksi akalielewa: mwizi alikuwa amerudisha mwenyewe. Akaikata kamba. Ndani zilikuwamo kadi, maelfu, zimepangwa kuanzia A hadi Z. Alitaka kuuona mwandiko wa baba tu, aulilie, amwambie kazi imekwisha.

Akachomoa kadi moja. Wino ulikuwa umetapakaa. Akachomoa nyingine, na ya katikati, na ya mwisho kabisa. Akalimwaga boksi zima mezani, akazipekua kwa mikono miwili, na kote kiganja kilikuwa kimepita juu ya maneno kabla hayajakauka.

Moja tu ilikuwa safi, kila herufi imesimama wima. "Take," baba alikuwa ameandika. "Kuchukua cha mtu bila ruhusa yake. Mfano: Nilichukua kadi za rafiki yangu, nikaziita zangu, na mpaka leo amekataa kumwambia mwanangu."