Nundu kwenye Ramani

Wajumbe walikuwa hawajakaa vizuri, na tayari Arvid Tollefson alikuwa amesimama mbele ya ramani ukutani, kidole kimebana pale ilipo nyumba yake.

"Mmenitoa," alisema. "Jana nimelala wilaya ya saba, leo naambiwa niko ya tisa. Na kitanda hakijasogea."

Ukumbi wa shule ukacheka. Wajumbe wanne wa Tume ya Mipaka ya Uchaguzi nao wakacheka, wawili wa chama chenye nembo ya tembo, wawili wa chama cha punda, kila upande ukiangalia usicheke kuzidi mwenzake.

"Mzee Arvid," alisema Doyle Hatcher, mjumbe wa tembo, "wilaya ya tisa ina ubaya gani? Watu safi wale. Wakulima wa vitunguu."

"Ina seneta mwingine."

"Kwani wewe unamtaka nani?"

"Bi Marlene. Sitaki kusikia jina lingine."

Miluzi ikapigwa kutoka viti vya nyuma. Mji mzima ulikuwa unamjua. Mkewe, Inga, alifia ndani ya gari la wagonjwa, njiani kwenda hospitali ya mbali, maana ya hapa wakubwa wa Seneti walikwisha kuifunga. Tangu siku hiyo Arvid hakukosa mkutano hata mmoja wa Seneta Marlene Pruitt. Alikaa kiti cha mbele, kofia magotini, akisikiliza kila neno. Mgane mpweke huyo, wanawake walinong'ona, kapata pa kupeleka jioni zake. Naye hakuwabishia.

Wakati wa mapumziko Doyle alimvuta kando, karibu na birika la kahawa.

"Nikwambie ukweli, mzee. Hatukuwa na shida na wewe. Shida ni jirani yako."

Jirani ni Dennis Voorhis, wakili, aliyekuwa akitangaza kwa kila kinyozi na katika kila baa kwamba atamng'oa Marlene, seneta wa tembo. Sasa, sheria inasema mgombea lazima awe mkazi wa wilaya anayoigombea. Basi mstari ukapitishwa mbele ya mlango wa Dennis, na mtaa mzima ukaenda naye. Punda hawakulalamika, wao walipewa vitongoji vya chuo vyenye kura zao, ili seneta wao naye alale usingizi. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyopatana. Anayehamishwa ni mwenye nyumba.

"Kwa hiyo mimi nimekanyagwa tu," Arvid alisema.

"Umekanyagwa tu. Usiichukulie vibaya."

"Nyumba yangu iko kwenye kona. Pindisheni huo mstari uniingize mimi, Dennis abaki nje."

Doyle alitafuna donati yake akiwaza. "Tupindishe ramani ya jimbo kwa kura ya mtu mmoja?"

"Waandishi wa habari wale pale wanakunywa kahawa. Niende nikawaambie mgane amemlilia seneta wake, nyinyi mkamfukuza?"

Doyle akaangua kicheko mpaka sukari ya donati ikarukia tai yake shingoni. "Mzee, wewe ni mtu hatari!"

Waliporudi kukaa, ubavuni mwa wilaya ya saba palikuwa pameota nundu, ndogo kama punje ya haragwe.

"Hiki nini tena?" aliuliza Bi Kessler wa punda.

"Mapenzi," Doyle alimjibu.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mikono minne ikanyooshwa, ramani ikapita. Miaka kumi hakuna wa kuigusa.

Nje, Dennis alikuwa amesimama kwenye maegesho, uso umemvimba.

"Ahsante sana, jirani! Umejichomoa peke yako, mimi umeniacha na vitunguu!"

"Pole, Dennis. Mdomo wako ulitangulia."

Hapo hapo Seneta Marlene akatokea na manukato yake, akamkumbatia Arvid mbele ya kamera zote.

"Arvid wangu! Umenitoa machozi leo, wallahi sijui nikulipe nini. Ingia kwenye gari, nikupeleke nyumbani."

"Nyumbani baadaye, Bi Marlene. Nishushe ofisi ya uchaguzi. Leo wameanza kupokea majina."

"Majina ya nani?"

"Ya wanaokitaka kiti chako," alisema Arvid, akiingia garini na kujifunga mkanda. "Langu nataka liwe la kwanza."